Swali la uwiano limekataa? Soma kosa kwenye jibu lenyewe

Mwanafunzi amepata 375, majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 125. Anafuta, anaanza upya, anapata 375 ile ile. Hapo wengi huamua kwamba kitabu kimekosea, au kwamba hesabu si fungu lao. Lakini 375 haikuja kwa bahati. Katika maswali ya uwiano wa moja kwa moja kila kosa huzaa jibu lake, na ukilitazama vizuri jibu la kosa utarudi kinyumenyume hadi kwenye mstari ulioharibika.

Wengi huikuta mada hii kidato cha tatu, ikifundishwa kwa Kiingereza, ingawa wameitumia kwa Kiswahili tangu walipoanza kutumwa dukani. Kilo moja ya sukari ina bei yake. Kilo tatu ni bei hiyo mara tatu. Hiyo ndiyo y = kx, na k ni bei ya kilo moja.

Kwanza, mwendo ulio sahihi

Sentensi "y huwiana moja kwa moja na x" ina maana moja tu: ukigawanya y kwa x, kila jozi inatoa namba ile ile. Namba hiyo ndiyo konstanti, k. Kazi huenda kwa hatua nne:

1. Geuza sentensi kuwa mlinganyo wenye k.
2. Chukua jozi iliyokamilika (x na y zote zimetajwa) utafute k.
3. Andika mlinganyo upya, safari hii k ikiwa na thamani yake.
4. Weka thamani ya pili utafute kinachoulizwa.

Mfano: y huwiana moja kwa moja na x, y ni 18 wakati x ni 4. Tafuta y wakati x ni 10. Mlinganyo ni y = kx, kwa hiyo 18 = 4k, k = 4.5. Sasa y = 4.5x. Ukiweka 10 unapata 45.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inaonekana kama kupoteza wino. Si kupoteza wino. Anayeiruka huingia hatua ya nne akiwa ameshika k kichwani na mlinganyo ameusahau, na nusu ya makosa yaliyo hapa chini huzaliwa kwenye pengo hilo.

Dalili: jibu ni 24 badala ya 45

Swali ni lile la juu. Aliyepata 24 alifikiri hivi: x imetoka 4 hadi 10, imeongezeka 6, basi na y iongezeke 6. Amejumlisha mahali pa kuzidisha.

Kosa hili lina nguvu kwa sababu linasikika vizuri mdomoni. "Hiki kikipanda na kile kinapanda" ni kweli, ila haitoshi. Umri wa mtoto ukipanda na wa mama yake unapanda, lakini mama hawi na umri mara mbili mtoto anapofikisha umri mara mbili. Uwiano unadai zaidi ya kupanda pamoja: unadai kupanda kwa mara zile zile. Hapa x imezidishwa kwa 2.5 (10 ÷ 4), kwa hiyo y nayo izidishwe kwa 2.5, na 18 × 2.5 ni 45.

Kuhakiki: 24 ÷ 10 ni 2.4, na jozi ya mwanzo ilitoa 4.5. Namba hizo hazifanani, basi jibu halifai.

Dalili: x imeongezeka lakini y imeporomoka

Swali lile lile, mtu anapata 2.22. Amegeuza k kichwa chini: amegawanya 4 kwa 18 badala ya 18 kwa 4, kisha akaizidisha 10. Sababu ni kutafuta k kwa mazoea ("gawanya hizo mbili") bila kuandika 18 = 4k kwanza. Ukiandika mlinganyo, wenyewe unakuonyesha ipi inagawanywa kwa ipi. Asiyeandika anabahatisha, na mara moja katika mbili anakosa.

Dalili: jibu limezidi au limepungua mara 60, mara 1,000 au mara 3.6

Jibu likikosea kwa mara zilizo nadhifu namna hiyo, usiguse aljebra. Tazama vipimo.

Gramu 750 za nyama zinauzwa Sh 7,500. Kilo 1.2 ni shilingi ngapi? Mwanafunzi anagawanya 7,500 kwa 750, anapata k = 10. Kisha anazidisha 10 × 1.2 na kuandika Sh 12. Hakuna hatua ya hesabu iliyo na kosa; kila mgawanyo ni sahihi. Ila k yake ni shilingi 10 kwa *gramu*, naye ameipelekea *kilo*. Gramu 750 ni kilo 0.75, 7,500 ÷ 0.75 ni 10,000 kwa kilo, mara 1.2 ni Sh 12,000. Amekosea mara 1,000 kamili, na mara hizo ndizo zinazokuambia kwamba ni gramu na kilo.

Mara 60 ni dakika na saa, au sekunde na dakika. Mara 3.6 ni kilomita kwa saa zilizochanganyika na mita kwa sekunde. Mara 100 huwa ni sentimita na mita, lakini ikiwa swali ni la eneo, sentimita na mita hukosesha mara 10,000, na ikiwa ni la ujazo, mara 1,000,000.

Dawa ni kuandika kipimo cha k pembeni yake. Usiandike "k = 10"; andika "k = Sh 10 kwa gramu". Ukifika kwenye 1.2 kg utaona mwenyewe kwamba viwili hivyo havikutani.

Dalili: swali lina kipeo cha pili na jibu limekataa kabisa

Hapa ndipo 375 yetu inapotoka, na hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Swali: y huwiana moja kwa moja na kipeo cha pili cha x. y ni 45 wakati x ni 3. Tafuta y wakati x ni 5.

Njia sahihi: y = kx², 45 = 9k, k = 5, y = 5x², na 5 × 25 = 125.

Sasa yatazame majibu ya kosa.

Ukipata 375, ulisahau kipeo wakati wa kutafuta k. Ulifanya 45 ÷ 3 = 15, kisha ukakumbuka kipeo kwenye hatua ya mwisho: 15 × 25.

Ukipata 25, ni kinyume chake. k uliipata vizuri, 5, lakini mwishoni ukafanya 5 × 5. Hili ndilo kosa la waliorukia hatua ya nne bila kuandika y = 5x².

Ukipata 625, k na x zote umezipandisha: (5 × 5)². Kipeo kimekaa juu ya x peke yake, k hakiihusu. Ukiandika kwa mkono mzito, kile kijinamba cha 2 kikaelea katikati, hata wewe mwenyewe utakisoma vibaya dakika mbili baadaye.

Ukipata 75, kuna njia mbili za kufika hapo, na lazima uzitenganishe. Ama ulisahau kipeo pande zote mbili (k = 15, mara 5), ama ulichukua x² kuwa 2x (k = 45 ÷ 6 = 7.5, kisha 7.5 × 10). Jibu ni lile lile, ugonjwa si ule ule. Wa kwanza hakusoma swali. Wa pili amelisoma, ila hajui kwamba kipeo cha pili cha 3 ni 3 × 3. Mwalimu akisahihisha kwa kuangalia jibu la mwisho tu hatajua ampe nani dawa gani. Aombe kuona k.

Njia ya kuhakiki bila k: x imezidishwa kwa 5/3. Basi y izidishwe kwa 5/3 *mara mbili*. 45 × 5/3 ni 75, na 75 × 5/3 ni 125. Inachukua sekunde kumi.

Jambo hili lipo jikoni pia. Kidonge cha gramu 60 kinatoa chapati ya sentimita 20 upande hadi upande. Ukitaka chapati ya sentimita 30 yenye unene ule ule, kidonge cha gramu 90 hakitoshi. Eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha upana wake: 30 ÷ 20 ni 1.5, kipeo chake ni 2.25, na 60 × 2.25 ni gramu 135. Ukitumia gramu 90 chapati itafika sentimita 30, ila itakuwa nyembamba hata nuru ipite.

Swali likigeuka, upewe y na uulizwe x, kumbuka upande wa pili wa kipeuo (kinyume cha kipeo). y = 5x² na y ni 80: x² = 16, kwa hiyo x ni 4 au −4. Ikiwa x ni urefu au muda, −4 itupwe, na andika kwa nini umeitupa. Ikiwa x ni namba tu, zote mbili zinabaki.

Dalili: asilimia haikubali

"x ikiongezeka kwa asilimia 20, y inaongezeka kwa asilimia ngapi?" Kama y = kx, jibu ni 20. Kama y = kx², wengi huandika 40. Jibu ni 44, kwa sababu 1.2 × 1.2 = 1.44. Na x ikipungua kwa asilimia 20, y haipungui kwa 40 wala kwa 44: 0.8 × 0.8 = 0.64, yaani imepungua kwa asilimia 36. Usifanye hesabu na 20. Fanya na 1.2 au 0.8, asilimia utaitoa mwishoni.

Chunga na maneno mawili madogo. "Imeongezeka *kwa* Sh 300" na "imeongezeka *hadi* Sh 300" ni maswali mawili tofauti. Neno "maradufu" ni mara mbili, basi.

Dalili: kila hatua ni sahihi, lakini jibu halina akili

Hili ndilo kundi gumu, kwa sababu hakuna mstari wa kufuta. Aljebra haina kosa; kosa ni kuamini kwamba kuna uwiano wa moja kwa moja mahali ambapo haupo.

Chukua springi. Bila mzigo ina urefu wa sentimita 12. Ukining'iniza mzigo wa nyutoni 2 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) inafika sentimita 15. Itakuwa na urefu gani kwa nyutoni 5? Mwanafunzi anakumbuka kwamba springi ni uwiano wa moja kwa moja, anafanya 15 ÷ 2 = 7.5, mara 5, anapata sentimita 37.5. Springi ya sentimita 12 imekuwa zaidi ya mara tatu!

Weka sifuri kwenye mlinganyo wake: urefu = 7.5 × 0 = 0. Mlinganyo huo unadai kwamba springi isiyo na mzigo haina urefu kabisa, nayo iko mezani inapimika. Kinachowiana na nguvu si urefu wa springi, ni *nyongeza* ya urefu. Robert Hooke alipoichapisha sheria hii mwaka 1678 aliiweka kwa Kilatini, *ut tensio, sic vis*: kadiri ya mvutiko, ndivyo nguvu. Mvutiko, si urefu. Kwa hiyo: nyongeza ya nyutoni 2 ni 15 − 12 = 3; k ni sentimita 1.5 kwa nyutoni. Nyutoni 5 zinatoa nyongeza ya 7.5, urefu ni 12 + 7.5 = sentimita 19.5.

Jaribio la sifuri ndilo la haraka kuliko yote. Uliza: hiki kisipokuwepo, kile nacho hakipo? Sukari kilo sifuri, bei sifuri: sawa. Mzigo sifuri, urefu sifuri: hapana. Kwenye grafu ni jambo hilo hilo: uwiano wa moja kwa moja ni mstari ulionyooka *na* unaopita kwenye chanzo, pale penye (0, 0). Mstari kunyooka peke yake hakutoshi.

Bili ya maji yenye ada ya huduma ni jamaa wa springi. Tuseme uniti 8 zimelipiwa Sh 17,000 na uniti 14 zimelipiwa Sh 27,500. Ukigawanya unapata 2,125 kwa ya kwanza na takriban 1,964 kwa ya pili. K mbili, basi hakuna uwiano kamili. Ni uwiano wa sehemu: bili = a + kn, ambapo a ni ada isiyobadilika na n ni idadi ya uniti. Jozi moja haiwezi kukupa a na k kwa pamoja, lazima mbili. Toa moja kwenye nyingine: uniti 6 zilizozidi zimegharimu Sh 10,500, kwa hiyo k = 1,750. Uniti 8 peke yake ni Sh 14,000, basi ada ni Sh 3,000. Hakiki kwa jozi ya pili: 14 × 1,750 = 24,500, jumlisha 3,000, ni 27,500. Imekubali. Uniti 11 zitakuwa 19,250 + 3,000 = Sh 22,250.

Kosa la kawaida kwenye uwiano wa sehemu ni kuhakiki kwa jozi ile ile uliyotafutia a. Hiyo itakubali hata kama k ni mbovu. Hakiki kwa jozi nyingine.

Halafu kuna joto, ambalo huwanasa hata wanaojua. Gesi ina ujazo wa sentimita za ujazo 300 kwenye nyuzi 27 za Selsiasi. Kanieneo, yaani msukumo wa gesi, haibadiliki. Ikipashwa hadi nyuzi 54, ujazo ni ngapi? Jibu la haraka ni 600, kwa kuwa 54 ni mara mbili ya 27. Lakini sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, si pale ambapo hakuna joto. Ukiandika joto hizo hizo kwa Farenhaiti ni 80.6 na 129.2, na ghafla "mara mbili" imeyeyuka. Sheria ya Charles, isemayo kwamba ujazo wa gesi huwiana moja kwa moja na joto, inadai Kelvini, kipimo ambacho sifuri yake ndipo hakuna joto: ongeza 273. Nyuzi 27 ni 300 K, nyuzi 54 ni 327 K. k = 300 ÷ 300 = 1, na ujazo mpya ni sentimita za ujazo 327. Umeongezeka kwa asilimia 9 tu.

Jedwali: ipo au haipo?

Swali likikupa jedwali na kuuliza kama kuna uwiano wa moja kwa moja, usitazame tofauti za namba. Gawanya.

Jedwali la kwanza: x ni 2, 5, 8, y ni 7, 17.5, 28. Migawanyo: 3.5, 3.5, 3.5. Upo.

Jedwali la pili: x ni 2, 5, 8, y ni 7, 16, 25. Hapa y inaruka 9, tena 9, kwa utaratibu mzuri, na wengi huandika "ndiyo". Migawanyo: 3.5, 3.2, 3.125. Haupo. Ni y = 3x + 1.

Usiishie kwenye "haupo". Jinsi migawanyo inavyotembea hukuambia kilichopo. Ikishuka polepole kuelekea namba fulani (hapa inaelekea 3), kuna kitu kimejumlishwa, kama ada ya maji. Ikipanda sambamba na x yenyewe, yaani x ikiwa mara mbili na mgawanyo unakuwa mara mbili, ni kipeo cha pili. Gawanya y kwa x² utaona umetulia. Ikishuka kwa kasi, jaribu kuzidisha x kwa y. Kama *zao* ndilo lisilobadilika, ni uwiano wa kinyume: vibarua 6 wanamaliza shamba kwa siku 10, vibarua 15 watamaliza kwa siku 4, kwa sababu kazi ni siku-kibarua 60 pande zote mbili. Anayepata siku 25 amegawanya mahali pa kuzidisha. Na mgawanyo ukiruka ghafla, kwa mfano daftari moja Sh 500, dazeni nzima Sh 5,400, hiyo ni bei ya rejareja na bei ya jumla: k mbili kwenye meza moja, 500 na 450, na kila moja ina eneo lake.

Dalili: vigeu vitatu na mlinganyo una k mbili

"z huwiana moja kwa moja na x na pia na kipeo cha pili cha y." Neno "na" humvuta mtu kwenye kujumlisha: z = kx + ky². Hapana. Uwiano wa pamoja ni kuzidisha, na konstanti ni moja: z = kxy². Kama z ni 72 wakati x ni 4 na y ni 3, basi 72 = k × 4 × 9, k = 2. Kwa x = 5 na y = 2, z = 2 × 5 × 4 = 40.

Hapa kikokotoo nacho huleta balaa. Ukibonyeza 72 ÷ 4 × 9 kinakuandikia 162, kwa kuwa kimegawanya kwa 4 kisha kikazidisha 9. Ulitaka 72 ÷ (4 × 9). Weka mabano, au gawanya mara mbili: 72 ÷ 4 ÷ 9. Anayetumia k = 162 hupata z = 3,240, ambayo ni mara 81 ya jibu sahihi, na 81 ni 9 × 9; ile 9 ilitakiwa igawanye, badala yake imezidisha.

Dalili: jibu linakaribia lakini haligusi

y ni 7 wakati x ni 3. Tafuta y wakati x ni 450. Jibu ni 1,050. Ukipata 1,035 ulikata k kuwa 2.3. Ukipata 1,048.5 ulikata kuwa 2.33. Iache k kama sehemu, 7/3, hadi mwisho: 450 ÷ 3 ni 150, mara 7. Ni rahisi kuliko desimali, tena haina hasara. Makosa ya kukata hukua pamoja na x, kwa hiyo swali lenye x ndogo litakusamehe na lenye x kubwa litakuumbua.

Dalili: vipimo vya maabara, k hazifanani hata mbili

Vipimo vya mkono havitoi k zinazolingana kama za kitabuni. Springi ile ya sentimita 12 ikipimwa kwa rula inaweza kutoa nyongeza hizi: nyutoni 2, sentimita 3.0, nyutoni 4, 6.1, nyutoni 6, 8.9, nyutoni 8, 12.0, nyutoni 10, 17.3. Migawanyo: 1.50, 1.53, 1.48, 1.50, 1.73.

Nne za kwanza zinayumba juu na chini ya 1.5 bila mpangilio; huo ni mkono na rula, na unaruhusiwa kuchukua wastani. Ya tano haiyumbi, imechomoka. Usiiingize kwenye wastani "ili zote zihesabiwe". Ondoa mizigo yote, pima springi tupu. Ikisoma sentimita 13 badala ya 12, imevutwa kupita kikomo chake na haitarudi. Nukta ya nyutoni 10 ibaki kwenye grafu, ila mstari wa k uishie kwenye nyutoni 8.